Mbio za Kwenda Kuosha Picha

Najua nimenyamaza wiki kadhaa. Kazi ya mwajiri ilinibana, na wikendi zilizobaki zililiwa na sanduku moja la viatu lililojaa negativu. Leo nataka niwasimulie kisa cha sanduku hilo, na jinsi lilivyonifikisha Arizona bila pasipoti wala tiketi. Hakuna msimbo wa programu leo, kwa hivyo wale mliokuja kutafuta jibu la matatizo ya hifadhidata mnivumilie. Ingawa mkisoma hadi mwisho, huenda mkaona kwamba ni hifadhidata hiyo hiyo tunayoizungumzia.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mpiga picha pale Uhuru Park. Alianza miaka ya themanini ikielekea kwisha na akaendelea hadi simu zenye kamera zilipompokonya wateja. Wale waliozaliwa baada ya hapo huenda hawajui kazi hiyo ilivyokuwa. Familia imetoka mashambani kuja kuona jiji. Mjomba anawapanga, jengo la KICC likiwa nyuma yao, anawapiga picha, anachukua arbuni, anaandika namba kwenye daftari. Kisha filamu ikiisha anakimbia River Road kuiosha, na anarudi mbio kabla wale watu hawajapanda basi la kurudi kwao. Waliokuwa na haraka walimwachia jina na S.L.P., naye akawatumia picha kwa posta. Daftari ndilo lililokuwa akili ya biashara yote.

Mimi nilijitolea kuzihamisha negativu zake kwenye tarakilishi. Kila filamu ilikuwa kwenye bahasha yake, na kila bahasha ilikuwa na namba inayolingana na daftari. Mimi, kwa haraka ya mtu aliyezoea kutafuta kasi, nikachomoa negativu zote kutoka kwenye bahasha, nikazilundika mezani, nikaziingiza kwenye skana jinsi mkono ulivyozishika. Programu ikayapa mafaili majina kuanzia 0001. Bahasha tupu nikazitia kwenye mfuko wa plastiki. Jumapili mjomba akaja kutazama. Akafurahi sana kuona picha zikiwa kubwa kwenye skrini. Akamwangalia mama mmoja mwenye kitenge na mtoto mgongoni, akaniuliza, "Huyu ni namba ngapi?"

"0214, mjomba."

"Hiyo ni namba yako. Nauliza namba yangu."

Sikuwa na jibu. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

Usiku huo nikaanza kusoma jinsi maktaba za ng'ambo zinavyopanga picha za zamani za watalii. Hapo ndipo nilipokutana na ndugu wawili, Ellsworth na Emery Kolb, na nikakesha nao.

Tuanze na mahali penyewe. Grand Canyon ni korongo lililochimbwa na mto Colorado katika jimbo la Arizona, Marekani. Urefu wake ufuatao mto ni kama kilomita 446, na mahali pengine kina chake kinapita kilomita moja na nusu. Kwa muda mrefu kufika pale kulikuwa taabu ya gari la farasi. Kisha mwezi wa Septemba 1901 treni ya kwanza ya kampuni ya reli ya Santa Fe ikafika kwenye ukingo wa kusini, na watalii wakaanza kumiminika. Ellsworth, mzaliwa wa Pennsylvania, alifika mwaka huo huo wa 1901. Mdogo wake Emery alimfuata 1902, akanunua studio ndogo ya picha katika mji wa Williams, na muda si mrefu ndugu hao wakahamishia biashara ukingoni kwenyewe.

Mtalii aliyetaka kushuka korongoni alipanda nyumbu. Hapa ningojeeni kidogo. Simaanishi nyumbu wetu wa Mara wanaovuka mto na kuliwa na mamba. Namaanisha nyumbu wa kufugwa, mzao wa punda na farasi, mnyama mwenye miguu ya uhakika kwenye njia nyembamba. Njia hiyo inaitwa Bright Angel, na wakati ule ilidhibitiwa na mtu mmoja, Ralph Cameron, aliyetoza dola moja kwa kila aliyeshuka akiwa juu ya mnyama. Ndugu wa Kolb wakaweka studio yao pale pale njia inapoanzia. Walianza na hema. Mwaka 1904 wakaanza kujenga nyumba ya mbao iliyong'ang'ania ukingo wa jabali, ambayo waliendelea kuipanua hadi 1926. Ndani yake kulikuwa na kidirisha kidogo kinachotazama njia. Msafara wa nyumbu ulipofika kwenye kona, ulisimamishwa, watu wakageuka, kofia zikarekebishwa, na kamera ikalia.

Wazo la biashara ni jepesi na kila mpiga picha wa Uhuru Park angelielewa. Mtalii anashuka asubuhi na kurudi alasiri, amejaa vumbi, mapaja yanamuuma, na anajiona shujaa. Hiyo ndiyo saa ya kumuuzia picha. Kesho yake yuko ndani ya treni, na picha ambayo jana angeinunua bila kuuliza bei haina mnunuzi tena. Kwa hivyo picha lazima iwe tayari kabla nyumbu hawajarudi juu.

Sasa tatizo la kiufundi. Ukingoni hapakuwa na maji.

Ili muone uzito wa jambo hili, acha nieleze picha ilivyotengenezwa. Kamera zao zilitumia vioo vilivyopakwa gelatini yenye chembe za chumvi ya madini ya fedha. Mwanga ukizigonga, chembe hizo hubadilika kidogo mno, kiasi kwamba jicho haliwezi kuona kitu. Picha imo, lakini imejificha. Dawa ya kwanza huzigeuza chembe zilizogongwa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Dawa ya pili huziondoa zile ambazo hazikuguswa, maana zikibaki kioo kitaendelea kuwa cheusi kila kikiona mwanga. Kisha yanakuja maji, tena mengi, ya kusuuza kwa muda mrefu. Dawa ya pili ikibaki ndani ya gelatini, picha hugeuka manjano na kufifia baada ya miaka. Maji hayo lazima yawe safi, kwa sababu gelatini iliyolowa ni laini na inanata. Chembe ya mchanga ikitua humo, hukauka humo. Halafu zoezi hilo hilo linarudiwa kwa karatasi ya picha. Sisi Waswahili hatukukosea tuliposema picha "inaoshwa".

Kampuni ya reli ilileta maji yake kwa treni, ndani ya matangi, kutoka Del Rio, mwendo wa maili 120 hivi. Hayo yalikuwa ya hoteli na injini za mvuke. Vijana wawili wenye studio ya mbao walilazimika kutafuta ya kwao. Chemchemi nzuri ya karibu ilikuwa ndani ya korongo lenyewe, mahali palipoitwa Indian Garden, kama kilomita saba kwa njia ya Bright Angel na zaidi ya mita 900 chini ya ukingo. Jengo la KICC lina urefu wa mita 105. Pangeni majengo karibu tisa ya KICC, moja juu ya jingine, na hapo ndipo palipokuwa na mfereji wao.

Basi wakajenga chumba cha giza huko huko chini. Kazi ikawa hivi: asubuhi msafara unapigwa picha. Emery, ambaye alikuwa mtu mfupi na mwepesi, anabeba vioo na kuteremka mbio, akiwapita nyumbu njiani. Anafika, anaosha vioo, anatoa picha kwenye karatasi, anazikausha. Kisha anapanda zile kilomita saba kurudi ukingoni, na watalii wanapowasili wanamkuta yuko tayari na picha zao mkononi. Kuna siku alifanya safari hiyo mara mbili.

Nataka wenzangu wa kompyuta mtafakari hilo. Sisi tukisema mtandao uko pole pole tunamaanisha sekunde mbili. Hapa mtandao ulikuwa mwanamume mmoja na mapafu yake. Data ilikuwa vioo, na angejikwaa pakiti zote zingevunjika. Hata hivyo mfumo ulikuwa umepangwa kwa akili. Kazi ilipelekwa mahali rasilimali ilipo badala ya kusubiri rasilimali iletwe, kwa sababu kioo ni chepesi kuliko pipa la maji. Ukipima uzito wa vitu viwili kabla ya kuamua kipi kisafirishwe, umefanya kazi ya mhandisi, hata kama shule yako ni njia ya vumbi.

Lakini ndugu hawa walikuwa na tatizo jingine ambalo sisi watengenezaji wa programu tunalijua vizuri: walijenga biashara yao juu ya jukwaa la wengine. Santa Fe na mshirika wake, kampuni ya Fred Harvey, walifungua hoteli kubwa ya El Tovar mwaka 1905. Mwaka 1914 wakajenga Lookout Studio, iliyochorwa na msanifu Mary Colter, hatua chache tu kutoka kwa Kolb, ili nao wauze picha na mandhari. Mwaka 1908 Rais Theodore Roosevelt alikuwa amelitangaza korongo kuwa mnara wa taifa, na mwaka 1919 likawa mbuga ya taifa. Kuanzia hapo kila ubao na kila msumari ulihitaji kibali. Emery aligombana na maofisa wa mbuga na kampuni kubwa kwa miongo mingi.

Walichofanya ili wasimezwe ni kutengeneza kitu ambacho mwingine hana. Septemba 1911 waliondoka Green River, Wyoming, na mashua mbili, Edith na Defiance. Edith lilikuwa jina la binti yake Emery. Walibeba kamera ya sinema ya kuzungusha kwa mkono, wakapita maporomoko yote ya mto, na kufika Needles, California, Januari 1912. Kuanzia 1915 filamu hiyo ilionyeshwa ndani ya studio yao, Emery akisimulia, na maonyesho yakaendelea hadi alipofariki mwaka 1976 akiwa na miaka 95. Ellsworth alikuwa ameondoka tangu 1924. Hakuna programu yangu iliyowahi kutumika miaka mitano bila kuandikwa upya, sembuse sitini na mmoja.

Mwaka 1932 maji ya Indian Garden yalianza kupandishwa kwa bomba hadi ukingoni, na sababu ya zile mbio ikaisha.

Ningeweza kuishia hapa na ingekuwa hadithi tamu ya vijana wenye bidii. Lakini jina la ile chemchemi lilinisumbua. Kama ni bustani ya Wahindi Wekundu, kama walivyoitwa enzi hizo, basi wenye bustani walikuwa wapi?

Walikuwa Wahavasupai. Walilima pale mahindi, maharage na maboga wakati wa kiangazi, vizazi kabla ya reli. Ile njia ya Bright Angel ambayo watu walitozwa dola moja ilifuata njia yao ya kushukia shambani. Mwaka 1882 serikali ilikuwa imewatengea ekari 518 tu katika korongo la kando, na ardhi nyingine yote ikahesabiwa si yao. Mbuga ilipoanzishwa shinikizo likaongezeka, na mwaka 1928 mtu wa mwisho wao kuishi kwenye bustani ile, mzee aliyejulikana kama Captain Burro, aliondolewa. Sheria ya mwaka 1975 iliwarudishia kabila hilo ekari kama 185,000, lakini bustani ile haikuwa miongoni mwake. Novemba 2022 jina la mahali lilibadilishwa rasmi kuwa Havasupai Gardens, kwa ombi la kabila lenyewe.

Nilirudi kuzitazama zile picha za nyumbu nikiwa na habari hizo. Unaona kofia, miavuli, sketi ndefu, waongozaji wenye masharubu. Watu wanatazama kidirisha na kutabasamu. Kila moja ya picha za miaka ile ilisuuzwa kwa maji ya chemchemi ile, na hakuna kitu kwenye karatasi kinachosema maji yalikuwa ya nani. Simlaumu Emery kwa sheria za serikali. Nasema tu kwamba picha huhifadhi kile kilicho mbele ya lenzi, na mambo mengine yote lazima mtu ayaandike kando, la sivyo yanapotea.

Na hapo ndipo niliporudi kwenye kosa langu. Mkusanyiko wa Kolb uko katika maktaba ya Cline ya chuo kikuu cha Northern Arizona, mjini Flagstaff. Wakutubi wamefanya kazi kubwa. Lakini hebu fikirini: mtalii alinunua picha yake, akaenda nayo nyumbani, na jina lake likaenda naye. Negativu inayobaki ni ya mtu asiyejulikana juu ya nyumbu. Mkutubi wa Arizona hana la kufanya kuhusu daftari ambalo halikuandikwa. Mimi nilikuwa na daftari. Nilikuwa na bahasha zenye namba. Nilikivunja mwenyewe kiungo ambacho maktaba nzima ingetamani kuwa nacho.

Basi tukaanza upya, mimi na mjomba, Jumamosi baada ya Jumamosi. Bahati nzuri filamu ina kumbukumbu yake. Pembeni mwa kila ukanda kuna aina ya filamu na namba za picha, tangu 1 hadi 36. Mkasi wa fundi wa River Road haukuwa ukikata sawasawa, kwa hivyo ncha za kanda mbili za filamu moja zinalingana kama vipande vya karatasi iliyochanwa. Mimi niliunganisha kanda, mjomba akasoma nguo, hali ya anga na mapambo ya Jamhuri Dei. "Hii ni ile wiki mvua ilinyesha siku nne. Tafuta bahasha ambayo filamu yake ilichukua wiki nzima kuisha." Zaidi ya nusu ya filamu zimerudi kwenye bahasha zake. Zilizobaki huenda zisirudi, na hilo ni deni langu.

Katika kufanya hivyo tuligundua kurasa ambazo sikujua zipo: watu waliolipa arbuni na hawakuwahi kupata picha. Barua nyingine zilirudi, nyingine hazikutumwa kwa sababu stempu zilipanda bei. Mjomba alitaka zitumwe sasa. Nikamwambia masanduku ya posta mengi yamefungwa. Akasema, "Kazi yangu ni kutuma." Tukatuma barua tisa, kila moja na picha ndani, na namba yangu ya simu chini.

Imejibiwa moja. Alipiga mwanamke mtu mzima. Mwenye picha alikuwa mama yake, na mama hayupo tena. Sanduku lile la posta ni la shule aliyokuwa akifundisha, na mtu wa ofisini alilikumbuka jina. Akauliza picha ni shilingi ngapi. Mjomba akachukua simu, akavaa miwani, akafungua daftari na kumsomea: arbuni ilikuwa imelipwa, salio shilingi ishirini. Dakika chache baadaye simu yangu ikalia. M-Pesa, shilingi ishirini kamili. Mjomba alinitaka nimsomee ujumbe huo mara mbili, kisha akachukua kalamu na kupiga mstari kwenye daftari, kama alivyofanya siku zote mteja akimaliza kulipa.

Kwa hivyo wasomaji, kama kuna sanduku la aina hiyo kwenu, nawaombeni mambo matatu. Kwanza, msichomoe kitu kwenye bahasha kabla ya kuipiga picha bahasha yenyewe, mbele na nyuma. Pili, namba ya mwenye picha iwe ndani ya jina la faili, si ile ambayo programu inajipa. Tatu, na hili ndilo la haraka, kaeni na mzee aliyepiga picha hizo angali anakumbuka, mmuulize nani, wapi, lini, na maji yalitoka kwa nani. Skana itaendelea kuuzwa madukani.

Juma lijalo nitaeleza ile skripti ndogo niliyoandika ya kulinganisha ncha za kanda. Ina kasoro nyingi, lakini mjomba ameikubali. Kwaherini kwa sasa.